Saa ya Baba

Gladness alipenyeza ncha ya kisu cha mboga chini ya mfuniko wa nyuma wa saa. Mfuniko uliruka, ukaangukia kwenye ungo wa mchele aliokuwa anachambua mama yake.

"Usiiharibu," mama alisema, akiuokota. "Ndiyo iliyokuwa mkononi mwake mpaka mwisho."

"Siiharibu, mama."

Betri ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati. Aliitoa kwa kibanio cha nyusi, akapachika mpya, akasubiri. Mshale mwembamba wa sekunde ulishtuka, ukaanza kutembea.

Miaka yote baba aliivaa ikiwa nyuma kwa saa sita kamili. Wenzake kwenye kivuko cha Kigongo walimcheka mpaka akastaafu, na hakuwahi kuirekebisha. Gladness alitazama simu yake, akavuta kitufe cha pembeni, akazungusha mishale mpaka kumi kamili. Hatimaye ilikuwa sawa.

Mama aliivaa. Ilimpwaya mkononi. Aliitazama, akalitazama jua juu ya mawe ya Kiseke, akaitazama tena.

"Saa kumi? Mbona hata vikombe vya chai hatujaosha?"

"Ni saa nne, mama. Ukiona kumi, unatoa sita."

"Natoa?" Mama alitabasamu kidogo. "Mimi shule sikwenda, Gladi. Ya baba yako ikiwa saa nne, mshale ulikuwa kwenye nne. Alinitegea hivyo tangu anioe, ili nikimwangalia mkono tu, nijue."

Gladness aliushika ule mkono, akakivuta kitufe tena.