Palermo kwa Sauti ya Chini

Ersilia alisubiri kengele za kanisa zilie saa sita mchana, ndipo akavuta maji ya choo. Kabla hazijanyamaza alikuwa amekwisharudi jikoni, soksi za sufu miguuni katika joto lile la Agosti.

"Padri akifupisha kengele tumekwisha," mumewe Nevio alinong'ona.

Kwa jengo zima, wawili hao walikuwa safarini. Mwezi mzima: Roma, Napoli, mpaka Sicilia, wakila, wakinywa mvinyo, wakitazama makanisa ya kale. Walikuwa wamepakia masanduku garini mchana kweupe ili kila mtu aone. Gari wakaliacha kwa kaka yake Nevio, wakarudi gizani kama wezi wa nyumba yao wenyewe, wakafunga madirisha yote ya mbao.

Kiwanda cha samani kilimwachisha Nevio kazi tangu Machi, na hakuna aliyejua. Agosti watu wa heshima huenda likizo. Asiyekwenda huulizwa kwa nini, na akishaanza kuuliza Bi Iolanda wa ghorofa ya juu, muuza mikate atapata jibu kabla ya jioni.

Bi Iolanda mwenyewe alikuwa Sardinia. Aliwaaga ngazini akiwa na kofia yake ya ufukweni. "Mniletee limau za Sicilia," alisema, akamtazama Ersilia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sasa mwezi ulikuwa umewachosha. Walikula vitu baridi tu, kwa sababu kitunguu kikikaangwa harufu hupanda ngazi zote: maharage, nyanya, jibini, mkate mkavu uliolowekwa maji. Kahawa ndiyo iliyomtesa Ersilia zaidi. Aliota akichemsha birika moja tu, akaamka na kinywa kichungu. Mvinyo walikuwa nao, ule mwekundu wa kaka yake Nevio, nao hausemi kitu nje ya mlango.

Jioni, ili wasigombane, Ersilia alivuta kigoda hadi chini ya tundu la hewa juu ya jiko, mahali pekee palipokuwa na upepo. Alifungua kitabu cha zamani cha safari alichoachiwa na shangazi yake.

"Tuko Palermo," alisoma kwa sauti ya chini. "Sokoni. Wachuuzi wanaita kama wanaimba. Tumeketi chini ya turubai jekundu, na mezani inaletwa pasta ya dagaa, shamari na zabibu kavu."

"Niongezee," Nevio alisema, akitafuna mkate.

"Umemaliza sahani mbili."

"Niko likizo, mwanamke. Usinihesabie."

Juu ya vichwa vyao kiti kikaburutwa.

Ersilia alifunga kitabu. Wakatazamana.

"Upepo," Nevio alisema.

"Upepo unaburuta kiti? Na jana? Kila nikianza kusoma, huo upepo unatafuta pa kukaa?"

Ersilia alikumbuka maua ya Bi Iolanda. Aliyachungulia asubuhi kupitia upenyo wa dirisha. Mwezi mzima bila mwenyewe, na bado yalikuwa mabichi, yakidondosha maji kwenye varanda yao. Sasa, kutoka kwenye tundu la hewa, ilishuka harufu ambayo mwanzoni alidhani ni njaa yake. Kahawa.

"Wezi," alinong'ona.

"Wezi gani wanamwagilia maua?"

"Waliotulia. Wanajua harudi mpaka mwisho wa mwezi. Wanaishi humo, wanakunywa kahawa yake, wakiondoka wanabeba kila kitu. Piga simu polisi."

"Nitawaambia nini? Kwamba tumesikia kiti kutoka Palermo?"

Aliinamisha kichwa juu ya bilauri yake. Tangu Machi mabega yake yalikuwa yameshuka, na Ersilia alijua kinachomtisha: ngazi zile Septemba, milango ikifunguka nusu, macho. Mwezi mzima wa kunong'ona ulikuwa kwa ajili ya mabega yale. Lakini alimfikiria pia Bi Iolanda akirudi na kofia yake, akikuta kabati tupu na saa ya marehemu mumewe haipo. Atamwamkia vipi ngazini?

"Nimechoka, Nevio," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, hakunong'ona. "Wakijua na wajue."

Alichukua mwiko mrefu wa kusongea ugali wa polenta, akafungua mlango, akapanda. Nevio alimfuata nyuma, chupa ya mvinyo mkononi, hajui kama ameibeba kuwa silaha au ameisahau.

Hawakuwahi kubisha. Mlango ulifunguliwa na Bi Iolanda mwenyewe, amevaa gauni la nyumbani na soksi za sufu.

Nyuma yake madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mezani walikaa mtu na mkewe wa ghorofa ya kwanza, ambao jengo zima lilijua wako milimani. Kando yao palikuwa na viti viwili vitupu na vikombe viwili vilivyofunikwa kifudifudi. Mzee Gaudenzio wa chini, aliyeaga kwamba anakwenda kwa binti yake baharini, alikuwa ameegemeza kiti chake ukutani, sikio kwenye tundu la hewa.

Bi Iolanda aliutazama mwiko, kisha chupa. Akafunua vikombe.

"Dagaa wamefika mezani, halafu kimya," alinong'ona. "Ndiyo nini, Ersilia?"

Mzee Gaudenzio hakugeuka. Alisogeza kiti karibu zaidi na ukuta, mkono nyuma ya sikio.

"Akianza tena, mwambieni apaze sauti," alisema. "Napoli yote ilinipita."