Vitu vya Kupeleka Florida

Injini ya lori langu la kuhamishia watu ilikuwa imeshawaka, tayari kwa safari ya Florida, mteja wangu akikimbia kodi za New York, mkewe Doreen alipomuuliza, "Mbona kiti changu hakimo?"

"Mshauri wa kodi kasema nipakie ninavyovipenda kuliko vyote. Hapo ndipo serikali ya New York itaamini nimehama kweli."

Doreen akachungulia ndani ya lori. Aliona fimbo za kuvulia samaki, saa ya baba mkwe, na mbwa wao amelalia blanketi alilofuma Doreen mwenyewe.

"Na mimi je?"

"Wewe baki kwanza, mpenzi. Nyumba ataangalia nani?"

"Kumbe mke mkubwa ni mbwa!"

Akamshika mbwa mkanda wa shingoni, akamshusha.

Mume yuko Florida. New York bado inamtoza kodi, maana wakaguzi wanasema mbwa hakuhama. Mimi niko Ohio, nahamisha wengine. Doreen ana mbwa na kiti chake.