Mate ya Dada Mkubwa

Nosim alikuwa ameyabania mate yake kwa miaka mingi, na hakuwa na mpango wa kumpa mdogo wake Meitamei hata tone.

"Shangazi, nakuomba," alisema Lemayian, mtoto wa Meitamei, amepiga magoti sebuleni kwake mtaani Lemara. Kijana wa watu alikuwa amemtolea baba yake figo moja, na mpaka leo alitembea amejishika ubavu. "Mzee anasema figo haitatulia bila baraka yako. Umtemee mate tu, basi, kama kawaida yetu."

"Mwambie akambembeleze Lesian ndiye ambariki."

Lemayian aliinamisha kichwa. Kijiji kizima cha Oldonyo Sambu kilijua Lesian ni nani. Nosim alipofiwa na mume alirudi kwao, akajenga kibanda kwenye shamba la marehemu baba yake. Meitamei akasema mwanamke hana shamba. Akakivunja kibanda katikati ya masika na kumfukuza dada yake pamoja na watoto wake wawili. Walishuka kwa miguu kwenye mvua, Nashipae mdogo kambeba mgongoni mdogo wake mchanga. Walipofika barabarani alisema, "Mama, Lesian amelala."

Lesian hakuwa amelala.

Tangu siku hiyo Nosim alimchukia mdogo wake kwa moyo wote, na hakumficha mtu. Habari kwamba figo za Meitamei zimeharibika zilipomfikia, alichinja kuku akaalika majirani.

Kilichomuudhi ni Nashipae. Binti alisoma, akaajiriwa kwenye maabara ya hospitali moja mjini, na damu ya mjomba wake ilipoanza kuletwa pale kila mwezi, aliipokea kama damu ya mgonjwa mwingine yeyote. Tena ndiye aliyeueleza ukoo mambo yalivyo. Aliyewekewa figo hunywa dawa za kushusha kinga, ili mwili usiikatae. Sasa kuna virusi ambavyo mtu mwenye afya hutembea navyo maisha yake yote bila habari, lakini vikimwingia Meitamei vitamla figo, mapafu na macho. Kila mwezi Nashipae alivitafuta kwenye damu ile, na kila mwezi alirudi nyumbani na kusema damu ni safi.

"Safi!" Nosim alikuwa akisonya. "Na wewe unanitangazia kama ushindi."

Lemayian alipoondoka, Nashipae alikaa karibu na mama yake.

"Nenda, mama. Mbariki."

"Umesahau wewe?"

"Nataka nipate usingizi, mama. Nimechoka."

Nosim alimtazama. Mwembamba, hajaolewa, na tangu siku ile hajawahi kumbeba mgongoni mtoto wa mtu yeyote. Chuki ilikuwa mali ya Nosim na alikuwa tayari kuzikwa nayo, lakini iwapo mate kidogo yangemfungua binti yake, angefanyaje? Alilia kwa hasira, kisha akakubali.

Kesho yake Nashipae alirudi kutoka kazini na kijiti chenye pamba.

"Fungua mdomo. Simpeleki mtu kwa mgonjwa yule bila kumpima."

Jumamosi boma la Meitamei lilijaa. Nashipae alisimama mlangoni mwa nyumba kama askari. Aliwaamuru wazee wote wabariki kwa mbali, kwa maziwa na majani, na mate yao wayameze. Mzee Sifaeli alinuna.

"Mbona Nosim anaruhusiwa?"

"Mama nimempima," Nashipae alisema.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Msomi wao kasema, nani abishe?

Nosim aliingia na hila yake moyoni. Angepuliza hewa tu, mdomo mkavu, watu wadhani ametema. Huyu mtu asingepata kitu kutoka kwake, na nje angesema yamekwisha.

Meitamei alishuka kitandani, akapiga magoti mbele yake. Nguo zilimpwaya. Alivua barakoa.

"Dada, yule mtoto namwota kila nikifumba macho. Sikuombi unisamehe. Naomba tu usinilaani tena."

Nosim alitaka kumpiga kofi. Mkono ulinyanyuka kabisa. Halafu akamwona Nashipae pale mlangoni, akiwakodolea macho, hapumui. Akakumbuka alikuja kwa ajili ya nani.

Akatema. Mate ya kweli, ya miaka yote hiyo. Akamtemea viganjani, kifuani, kwenye paji la uso, akampaka usoni kwa mkono wake mwenyewe huku machozi yanamtoka. Meitamei alilia akiyalamba midomoni kama mtoto aliyepewa asali.

Nje watu walipiga vigelegele.

Mama na binti walishuka kwa miguu kuelekea barabarani, njia ile ile. Mlima Meru ulikuwa wazi nyuma yao. Nosim alijisikia mwepesi, na aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," alisema. "Na umefanya vizuri kunipima, mwanangu. Ningembariki kwa wasiwasi."

"Nilisema nimekupima, mama. Hakuna aliyeuliza majibu."

Nosim alisimama.

"Unavyo virusi vile vile," Nashipae alisema, bila kupunguza mwendo. "Kila mwezi navitafuta kwenye damu ya mjomba, navikosa. Mwezi ujao sitavikosa."