Mchicha wa Kanga Uliosinzia

Apa kwanza hutamwambia mtu, kama alivyoapa Bata kabla hajalisambaza hili.

Mshindi wa maonyesho ya mboga ya mtaa angepewa kiwanja kando ya bomba, na Kanga alikitaka mno. Lakini mchicha wa kwenye gunia lake alikuwa ameshaula wote. Akanunua mafungu sokoni, akayachomeka udongoni. Mwamuzi alikuwa Kobe, na jua lilikuwa kali.

“Babu, anzia kwangu,” Kanga alisema, hatulii.

“Zamu yako itafika, mjukuu wangu.”

“Shoga, mbona mchicha wako umesinzia?” Bata akauliza.

Kanga akazunguka nyuma ya gunia kuchomeka fungu jipya. Alipogeuka, Kobe na mtaa mzima walikuwa wanamtazama, fungu likining’inia mdomoni, bado limefungwa kamba ya mgomba.