Stika ya Waranti

Kwa mara ya saba tangu juzi, Nasemba aliwasomea kwa simu watu wa kampuni namba ya printa yake iliyogoma kuvuta karatasi, safari hii bila kuitazama. Kwenye benchi la duka lake, mjane wa mwalimu Lusekelo alisubiri ratiba za mazishi ya saa nane.

"Ilete makao makuu, ndani ya boksi lake," dada wa huduma kwa wateja alijibu kama wenzake.

"Dada yangu, kwenye hilo boksi kuku wangu anaatamia, hapa hapa dukani. Na huyu mama anazika leo."

Dada akashusha sauti. "Una bisibisi? Nyuma pana stika. Ukiichana, waranti imekufa, na mimi sijakwambia kitu. Fungua, angalia chini ya rola."

Nasemba aliichana. Chini ya rola palikuwa na unyoya wa kuku.

Aliutoa, akawasha. Mashine ikakohoa, ukatoka uso wa mwalimu, anatabasamu. Mjane akasimama. Nasemba akaisogeza simu karibu na mashine, yule dada naye asikie karatasi zinavyotoka, moja baada ya nyingine.