Seremala wa Dagoretti Corner

Asubuhi hiyo gundi kwenye kitanda kipya ilikuwa bado mbichi, na chai iliyoachwa juu ya meza ilikuwa bado na joto. Seremala mwenyewe hakuwepo.

Sajenti mstaafu Kiragu alisimama katikati ya kibanda, kofia mkononi. Wapelelezi wawili walipekua nyuma ya mbao, wakatoka wakipangusa vumbi.

"Ameonywa," Kiragu alisema.

"Ama ulifananisha tu, mzee," alisema Mwangangi, mpelelezi kijana. "Ni miaka mingi."

Hakuwa amefananisha. Zamani, Kiragu akisimamia kituo kidogo cha polisi katika mji mdogo kule Murang'a, jambazi aitwaye Gathogo alimpiga risasi konstebo Makau, akatoroka. Kiragu alimwahidi Wavinya, mjane wa Makau, kwamba muuaji atafikishwa mahakamani. Alistaafu bila kuitimiza ahadi hiyo. Kila Krismasi Wavinya humpigia simu kumjulia hali, wala hamuulizi kitu. Kule kutoulizwa ndiko kulikomuuma.

Kisha wiki iliyopita, hapa Ngong Road, alimwona seremala akipiga randa. Kovu lile lile chini ya jicho. Mguu ule ule ukiburuta.

Jana, baada ya kanisa, alikaa mkahawani Adams Arcade na Norman, mume wa binti yake Nyakio. Norman alikuwa akiandika riwaya ya upelelezi kuhusu askari mzee wa mji mdogo, na kila Jumapili Kiragu alimsimulia kisa hicho. Kijana huyo alilelewa na mama peke yake. Baba yake, alisema, alifariki zamani. Kiragu alimpenda kama mwanawe wa kumzaa.

"Kitabu chako kimepata mwisho," alimwambia. "Kesho tunamfuata palepale Dagoretti Corner."

"Kesho saa ngapi, Baba?"

"Unataka kuja? Wewe? Utazirai ukiona pingu, halafu Nyakio aniue mimi."

Walicheka wote wawili.

Sasa Kiragu alimgeukia Mwangangi. "Jana ulipita hapa."

"Nilikuja kuangalia mahali, mzee. Hiyo ni kazi."

"Alikupa nini?"

Mpelelezi wa pili aliinamisha macho. Mwangangi alijibu kwa sauti ndogo. "Si mimi nilikuambia tumshike jana hiyo hiyo? Ukasema Jumapili si siku ya kumfunga mtu pingu. Nimejifunza kazi kwako, mzee. Usiniambie hivyo mbele ya watu."

Kiragu alivaa kofia yake, akatoka bila kuaga. Alihisi amezikwa kaburi moja na Makau. Angemwambia nini Wavinya? Kwamba safari hii polisi wenyewe ndio waliomuuza Makau?

Simu ililia mchana, akiwa bado anazurura barabarani. Norman. Nyakio amejifungua mvulana, wako hospitalini Hurlingham.

Alifika na machungwa kwenye mfuko na uso uliojaribu kufurahi.

"Amezaliwa lini?"

"Alfajiri," alisema Norman.

"Na mnaniambia mchana huu?"

"Simu ilizima, Baba."

Kiragu aliketi. Alitaka kunyamaza, lakini maneno yalimtoka yenyewe: kibanda kitupu, chai yenye joto, Mwangangi msaliti. Nyakio alimtengenezea mtoto shuka iliyokwisha kutengenezwa. Mzee akajilaumu moyoni. Binti yake ametoka leba, naye anamletea habari za majambazi.

"Haya, tuyaache," alisema, akijilazimisha kutabasamu. "Huyu najua si wangu. Mila ni mila, mvulana wa kwanza huitwa jina la baba yake Norman, mimi nitangoja wa pili. Msichelewe tu, mimi ni mzee."

Norman aligeukia dirisha.

"Lakini marehemu hamjawahi kunitajia jina," Kiragu alisema, akinyoosha mikono ampokee mjukuu wake. "Nimwamkie kwa jina gani?"

Nyakio alimweka mtoto mikononi mwa baba yake.

"Gathogo," alisema, bila kuinua macho. "Alimpakata asubuhi, Baba, kabla hajaenda."