Gesi ya Kuchomea Majani

Bi Mwanaidi aliitazama mitungi miwili ya gesi kwa muda mrefu kuliko anavyochagua kanga. Tangu amzike mumewe, majani yalikuwa yameziba njia ya mawe bustanini, na asubuhi hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake.

"Butani ni ya jikoni," alisema Shekue, muuza gesi. "Kwa baridi hii itasinzia kama mlinzi. Chukua propani, mama, hiyo haiogopi baridi. Na usichome hadi majivu. Jani likilegea tu, limekwisha; songa mbele."

"Marehemu alikuwa anachoma mpaka jirani anakohoa."

"Namkumbuka. Alikuwa mteja mzuri sana."

Bi Mwanaidi akacheka, akashangaa kwamba bado anaweza.

Alichukua propani, akafika nayo nyumbani na kuiunganisha na bomba la marehemu la kuchomea majani. Moto ulivuma vizuri, majani yakalegea, na njia ikaonekana jiwe kwa jiwe. Alikuwa ndiyo kwanza amezima alipoona wageni langoni, naye hajabadilisha hata nguo.

Bibi mzee wa kijana anayeposa alitangulia. Alipofika katikati ya njia alisimama, akavua viatu, akayakanyaga mawe yenye vuguvugu.

"Karibuni ndani," alisema Bi Mwanaidi.

"Tangulieni nyie," alijibu bibi, akitanua vidole vya miguu. "Mimi nakuja."